Shati la Jumatatu

Kila Jumatatu Papa Lambert alitoka Barking, mashariki mwa London, kwenda Croydon kutia saini ofisi ya uhamiaji, kama walivyotakiwa waomba hifadhi, na kila Jumatatu alivaa shati jeupe, limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Shati hilo lilimkera Angélique, mama yake Keren, jirani wa ghorofa ya juu, aliyesaini siku hiyohiyo.

"Unampigia nani pasi? Wale hata hawatuangalii."

"Mama Keren, Bukavu nilifundisha falsafa ya Wastoa, wale Wagiriki wa kale, miaka kumi na moja. Walisema tenga kilicho mikononi mwako na kisichokuwamo. Uamuzi ni wao. Shati ni langu."

Maneno ya mwalimu hayo, aliwaza Angélique. Tutaona siku barua ikija.

Ikaja, mwaka 2002: ombi la Papa Lambert limekataliwa. Angélique alizipata habari kanisani Jumapili. Kesho yake asubuhi akashuka ngazi mbiombio kwenda kumfariji.

Alimkuta anapiga pasi. Kola aliizungukia polepole, asiache hata kunjo moja.

Angélique aligeuka mlangoni. Akapanda kwake, akarudi na blauzi.

"Ukimaliza," alisema, "usiizime hiyo pasi."