Zamu kwenye Stoo ya Magodoro

Kanuni ile aliitunga mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Mtu akipigwa risasi mtaani, akina mama wa kundi lao huwakalia vijana wenye hasira mpaka hasira ipoe, na humkalia pia anayewindwa kwa kisasi, lakini hakuna mama anayemkalia mwanawe. Mtoto wako anajua pa kukushika, Mama Cherehani aliwaambia wenzake, na wote wakakubali.

Basi alipouawa mpwa wake, yeye akapelekwa kwa kinyozi, yule ambaye mtaa mzima ulisema ndiye aliyemuuza marehemu kwa wauaji. Akina mama walikuwa wamemficha kwenye stoo ya magodoro. Mama Cherehani alikaa naye humo tangu asubuhi, akishona vifungo vya shati ambalo halikuwa na haraka, na mara kwa mara akitamani kumchoma kwa ile sindano. Mwanawe, aliyekula sahani moja na marehemu tangu utotoni, alikuwa nyumbani akikaliwa na Mama Mikate, mwanamke mwenye roho safi na mdomo usio na kufuli.

Kinyozi aliapa kwamba hakumuuza mtu. Aliulizwa tu marehemu huja kunyoa lini, akajibu kama anavyomjibu mteja yeyote. Mama Cherehani hakujua kama amwamini. Kazi yake ilikuwa kumkalia tu.

Alasiri simu ikaita. Mama Mikate alianza na salamu zake ndefu, akauliza presha inaendeleaje, ndipo akasema, "Dawa zako zimefika? Kijana wako kaomba mwenyewe akuletee, maskini. Nikamwelekeza hapo stoo."

Dawa zilikuwa kwenye mkoba, miguuni pake.

Alimwambia kinyozi ajibanze nyuma ya magodoro, akaburuta kiti hadi nje, akaketi mlangoni. Aliogopa vibaya sana, maana aliyekuwa anakuja alikuwa wa tumbo lake na hakujua atamzuia kwa lipi.

Akamwona anakata kona, amevaa koti kwenye jua kali, mkono mmoja ndani yake.

"Mama, ondoka hapo."

"Siondoki, baba."

"Huyo ndiye aliyemuuza ndugu yangu. Wewe ulimlea, halafu leo unamlinda huyo?"

Maneno yale yalimkata maini. Alitaka kumwambia kwamba hata yeye hali wala halali, lakini akakiegemeza kiti mlangoni. "Leo zamu yangu ni ya huyu," akasema. "Ukimtaka, anza na mimi."

Mkono ukatoka na bastola. Ilimwelekea usoni, kisha ikashuka taratibu. Kijana alikuwa analia.

"Basi namfuata aliyefyatua risasi," akasema. "Mlangoni kwake hutakuwepo."

Akageuka, akaenda mbio mbio, bastola ikirudi kotini. Mama Cherehani akainuka amfuate. Nyuma yake mlango ukafunguka, na kinyozi akauliza kama sasa anaweza kwenda zake. Upande wa pili wa barabara rafiki za marehemu walikuwa wameshaanza kukusanyika, macho yao stooni.

Akampigia Mama Mikate, akamsihi awaite wenzao wote wamkimbilie mwanawe. Akamrudisha kinyozi ndani. Kisha akaketi tena, mgongo mlangoni, akilia kwa sauti huku akiitazama kona ambako koti la mwanawe lilikuwa limepotea, na hakuondoka.