Upande Wenye Maneno

Nilifundisha darasa la kwanza mjini Perm miaka thelathini na moja, na mdomo wangu haujui kupumzika. Siku ile nilikaa kimya nyuma ya kioo, nikimtazama mwanangu Gennady amelazwa kwenye meza ya chuma.

Kifafa kilikuwa kimemtoa kazini, kikamtenganisha na mkewe. Chanzo ni kovu katika nusu ya kulia ya ubongo; likikatwa, anapona. Lakini kwanza lazima madaktari wajue lugha na kumbukumbu zake zinakaa upande gani.

"Anaandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo maneno yako kushoto," alisema daktari, Inessa Lvovna. "Hapa tunajiridhisha tu, mama."

Wakapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu, kutoka pajani hadi shingoni, wakaingiza dawa ya kuilaza nusu ya kulia ya ubongo kwa dakika chache. Gennady alikuwa akihesabu.

"Kumi na moja, kumi na mbili..."

Akanyamaza.

"Gennady, hiki nini?" Daktari alimwonyesha picha ya shoka, kisha ufunguo, kisha ndoo. Alikodoa macho tu. Dawa ilipoisha akaulizwa ameona picha gani.

"Picha zipi?"

Baadaye walipoilaza nusu ya kushoto, aliongea kama redio, na kila picha mpya, hata ile ya bata, akaikumbuka.

Inessa Lvovna alinijia, uso umemsawijika. "Mama, niambie kweli. Utotoni alikuwa anashika kijiko kwa mkono gani?"

Nilimwambia kweli. Kushoto. Shuleni kwetu enzi zile kushoto kulikuwa marufuku, na kwa mtoto wa mwalimu ndiyo kabisa. Majira yote ya baridi nilimfunga mkono ule kwa mshipi wa koti. Kwenye fomu ya hospitali nikaandika "kulia" bila hata kufikiri.

"Mimi ndiye niliyemharibu?"

"Hapana. Amezaliwa hivyo. Ila maneno yake yako palepale penye kovu. Nikilikata, yanakwenda nalo."

"Basi kata kidogo!"

"Mama jamani. Hakuna kidogo."

Wodini Gennady alinipokea kwa kicheko. "Daktari wako ana picha nzuri. Ile ya bata imenitia njaa." Kisha akavua kofia ya hospitali. Kichwa kilikuwa kitupu, kina mikwaruzo miwili ya wembe. Jirani yake wa kitanda alikuwa amemnyoa asubuhi, ili wapasuaji wasipoteze muda.

"Haya, mama," alisema. "Lini?"