Nyota ya Baba

Afisa wa Ofisi ya Nishani alifika asubuhi, suti imenyooka, kikasha cha mahameli kwapani. Baba ndiye aliyemfungulia mlango, akijikongoja na mkongojo wake. Afisa akamwamkia shikamoo, akampa pole ya msiba, akasema amekuja kuchukua nyota ya marehemu.

"Marahaba," baba akasema. "Marehemu yupi?"

Afisa akasoma jina kwenye faili. Lilikuwa la baba.

Mimi sina subira na watu wa maofisini. Nilimwambia aangalie vizuri, marehemu wake ndiye huyo aliyemwitikia salamu. Akaangalia faili badala ya kumwangalia baba. Akageuza karatasi, akairudisha, akaomba kiti. Hata yeye, maskini, mambo yalikuwa hayamwingii akilini.

Nyota hizo ni kumi na mbili tu, tangu enzi za mfalme wa kwanza. Mwenye nyota akifa, inarudi ikulu, inasuguliwa, anavalishwa mwingine. Baba aliipata alipokuwa mshika bendera wa reli, kwa kuikimbilia treni ya abiria na kuisimamisha hatua chache kabla ya daraja lililobomoka. Kwa miaka ishirini na sita ameivaa kila siku, mara nyingine juu ya pajama. Asubuhi hiyo pia alikuwa nayo kifuani, na afisa alikuwa anaiona.

Nikamwambia basi afute huo upuuzi arudi zake. Akasema haiwezekani. Mrithi ameshatangazwa, muuguzi mmoja, anavalishwa Ijumaa. Kumfufua mtu kwenye daftari la nishani hakujawahi kutokea, wala hajui fomu yake ni ipi.

Baba alikuwa ametukodolea macho, mara afisa, mara mimi. Akauliza ni nani aliyesema amekufa.

Afisa akaeleza kwamba kila mwaka wenye nyota hualikwa ikulu kula kiapo. Mgonjwa hualikwa, hata asiyeweza kuinuka kitandani hualikwa. Asiyealikwa ni marehemu peke yake. "Na nyumba hii mlituandikia tusimwalike tena."

Akatoa barua. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba aliisoma taratibu, kidole kikifuata kila mstari, kisha akaniangalia kama mtu asiyenifahamu.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Miguu yako imegoma, baba. Kila mwaliko ukija unalia kutwa nzima. Nilishindwa kukuona hivyo."

"Nilikuwa nalia kwa sababu bado wananikumbuka."

Baba akaifungua nyota kifuani, akakataa nimsaidie. Akaiweka kwenye kikasha, akauliza atie sahihi wapi. Afisa akasogeza fomu. Palikuwa na nafasi moja, ya ndugu wa marehemu, na baba akatia sahihi hapo.