Diski Mpya

Madaktari walipomwambia Nyatichi kwamba kikoromeo chake kitaondolewa na sauti itakwenda nacho, hakulia. Alimwita binti yake Liz, aliyekuwa na mimba changa, wakajifungia chumbani, wakawasha laptopu. Tangu siku hiyo mpaka alipopelekwa kupasuliwa, Nyatichi aliketi mbele ya mashine ile akizungumza na mjukuu ambaye hajazaliwa. Alimwimbia nyimbo za kubembeleza za Kigusii. Alimsimulia jinsi alivyomkimbia bata mzinga wa jirani akaangukia kwenye pipa la molasi. Alimwonya asiolewe na mtu mwenye mdomo mwingi. Machuki, mumewe, alikuwa akipita sebuleni akimsikia anacheka peke yake, naye akicheka pia, bila kujua kinachochekwa.

Aliporudi kutoka hospitalini alikuwa na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa cheupe, na pumzi yake ikipita hapo kwa mluzi mwembamba. Sauti yote aliyowahi kuwa nayo ilibaki ndani ya laptopu. Liz aliahidi kuja kutoka Rongo kuinakili mahali pengine, lakini mimba ilimsumbua, safari ikaahirishwa na kuahirishwa tena.

Halafu asubuhi moja laptopu ikawaka kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi: diski haionekani. Machuki aliizima akaiwasha, akaipiga makofi ubavuni kama redio ya zamani. Wapi. Akatoa karatasi ya waranti, akaisoma, akatukana. Ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia.

Sasa, Machuki aliuza vipuri vya pikipiki mjini Migori, na kama kuna jambo alilojivunia ni kwamba hakuna mwenye duka aliyewahi kumla pesa. Alivaa koti lake la kanisani.

"Twende, Mama Liz," alisema. "Leo watanitambua."

Pale dukani walimkuta Levis, kijana wa kaunta. Alichomeka waya, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee, ni diski imekufa. Na waranti nayo ilishaisha."

"Iliisha juzi! Na kabla haijaisha si nililetea wewe hii kitu ikikwama kwama? Ukasema niende nayo tu, itajituliza?"

"Ni kweli ulikuja, mzee. Pole. Lakini hebu sikiza kwanza, kuna njia mbili. Kama kuna vitu vya maana humo ndani—"

"Njia ni moja!" Machuki aligonga kaunta. Wateja wakageuka. "Mlijua inakufa mkangoja tarehe ipite. Mnipe mpya, ama niende redioni sasa hivi nitaje hii duka kwa jina!"

Nyatichi alikuwa amemsikia Levis vizuri. Njia mbili. Akamvuta mumewe mkono wa koti. Machuki akautikisa mkono ukaachia.

"Ngoja, Mama Liz, nimalizane na hawa."

Nyatichi akapiga kaunta kwa kiganja, mara nyingi, akimtazama Levis na kuionyesha laptopu, kisha koo lake, kisha laptopu. Kila mtu pale alidhani mama huyu naye amekasirika. Bwana mmoja aliyekuja kununua chaji hata akamshangilia. Mluzi wa shingoni ukawa mkali, kitambaa kikapanda na kushuka.

Kelele zilimtoa Bogonko, meneja, ofisini. Alitazama watu waliojaa mlangoni, akatabasamu tabasamu la kibiashara.

"Mzee wangu, yamekwisha. Tutaihesabu iko ndani ya waranti. Utapata diski mpya kabisa."

Akasukuma karatasi ya kutia sahihi. Nyatichi aliiwahi kalamu, ajaribu kuandika neno moja tu. Machuki akaitoa vidoleni mwake kwa upole, akidhani anamsaidia, akatia sahihi yeye. Watu wakapiga makofi. Njiani kurudi alimnunulia mkewe soda ambayo hakuinywa.

"Umeona?" alimwambia. "Hawa watu ukiwanyamazia wanakumaliza."

Baada ya siku chache laptopu ilirudi, nyepesi na ya haraka. Machuki aliiwasha mezani, akamwita mkewe aje ajisikie mwenyewe. Alifungua hapa, akafungua pale. Palikuwa peupe kama nyumba ambayo haijahamiwa. Nyatichi hakukaribia. Alisimama mlangoni akimtazama mumewe akitafuta kitu ambacho yeye alishajua hakipo.

Machuki alikimbilia dukani. Levis akamwambia diski mbovu za waranti hupelekwa kwenye karakana yao ya Homa Bay. Kesho yake alfajiri akawa mlangoni pa karakana hiyo, anangoja ifunguliwe.

Fundi aliitwa Filister, mwanamke mnene mpole mwenye safu ya bisibisi mbele yake, kubwa kwa ndogo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mos, baba," alisema. Pole. "Ya waranti hairudi kwa mtu. Hiyo ni mali ya kampuni. Tunaitoboa ndiyo mtu asiibe siri za mwenyewe."

"Itoe hivyo hivyo. Nitatafuta mtu."

Filister akavuta katoni chini ya meza. Ilijaa diski, kila moja na tundu katikati, zote zimefanana. Machuki alitia mkono akazipekua. Hakujua ya kwake ni ipi.

"Iliharibika sana?" aliuliza.

Filister alisita, na ilionekana angependa kudanganya. "Hapana. Hiyo ilikuwa kitu kidogo, kibao kile cha umeme. Kama ingeletwa nje ya waranti ningekutolea kila kitu. Nilimpigia hata Levis, nikamwuliza kama mwenyewe anataka vitu vyake. Akaniambia alijaribu kukueleza, ukakataa kusikia."

Machuki alirudi Migori jioni akamkuta mkewe akichagua maharagwe uani. Akaketi mbele yake na kuanza kueleza: alivyodhani, Levis alivyopaswa kusema kwa nguvu zaidi, Bogonko alivyo mwizi, kampuni zilivyo. Nyatichi aliweka ungo chini. Akanyoosha kiganja, akamziba mdomo, akakiacha pale mpaka mumewe aliponyamaza. Kisha akaendelea na maharagwe.

Liz alijifungua mtoto wa kike, na Nyatichi akaenda Rongo kumlea. Ilisemwa ni kwa mwezi mmoja. Mwezi ukapita, na mwingine, hakurudi. Gichana, jirani wa duka, alileta printa yake iliyokufa akamwomba Machuki amsindikize kudai, kwa vile sifa zake zilishazagaa soko zima. Machuki alimwambia anaumwa.

Siku ya Sabato, baada ya ibada, alimpigia Liz.

"Mpe mama simu."

"Baba, utaongea na yeye vipi?"

"Aisikilize tu."

Palikuwa na mkwaruzo, kisha mluzi mwembamba wa pumzi karibu na sikio lake. Machuki akaanza. Alisema nyumba ni kubwa. Alisema anamwomba radhi, na safari hii hakumtaja Levis wala kampuni. Alisema muda mrefu, mpaka alipogundua kwamba mluzi hausikiki tena. Simu ilikuwa imewekwa mahali, kitini au mezani. Mbali kidogo mtoto alikuwa analia, na hapakuwa na sauti ya mtu wa kumbembeleza.

"Mama Liz?" aliita. "Uko hapo?"