Wanafunzi wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Kulikucha kwa manyunyu na ukungu, na vioo vya chumba cha mikutano cha ofisi ya mitaala vilitoka jasho.

Mkuza mitaala, ambaye wenzake walimwita Mama Jedwali kwa jinsi alivyopenda kupanga kila kitu katika visanduku, alikuwa amesali kabla ya kutoka nyumbani. Leo mtaala mpya wa madarasa ya jioni ya watu wazima ungepitishwa, kisha uende kwa mpiga chapa. Falsafa ya elimu ilikuwamo, saikolojia ya mtu mzima ilikuwamo. Na chanzo kilichobeba vyote, yaani mahitaji ya wanafunzi wenyewe, kilikuwa ukurasa wa kumi na mbili.

Mwenyekiti alimgeukia mgeni pekee, mwanamke wa makamo aliyefua mashuka hospitalini, kiranja wa darasa la jioni la hapo. "Haya, dada yetu, tupe baraka zako tukanywe chai."

Dobi aliweka kidole kwenye ukurasa, akasoma kwa kusitasita. "'Darasa la hospitali. Waliohojiwa, arobaini. Wanaotaka kujifunza kuandika barua, thelathini na sita.'" Akainua macho. "Samahanini. Sisi tuko kumi na tisa. Na nani alikuja kutuuliza?"

"Labda siku hiyo hukuwapo," alisema mwenyekiti.

"Mimi ndiye ninayefungua mlango na kuzima taa, kaka. Nisiwepo niwe wapi?"

Watu wakacheka. Mama Jedwali hakucheka. Alizijua namba zile. Miaka miwili nyuma, madodoso yakiwa bado kurudi, alijaza namba za kubuni ili aone kama visanduku vinatosha upana. Alikusudia kuzifuta. Madodoso hayakurudi kamwe. Malengo sitini yakaandikwa juu ya namba zile, na yeye mwenyewe akazisoma mara kwa mara mpaka akaziamini. Ee Mungu wangu, nimefanya nini?

"Kwani ninyi mnataka kujifunza nini, mama?" aliuliza Mama Jedwali.

"Barua nimwandikie nani, nami nina simu? Nataka kusoma maonyo kwenye chupa za dawa za kufulia. Mwenzangu alimimina isiyotakiwa, ngozi ikambabuka hadi kiwiko. Humu sijaona hata picha ya chupa."

Mwenyekiti akamwinamia Mama Jedwali. "Tulia, binti. Tutarekebisha toleo lijalo. Nani atajua?"

Toleo lijalo lilikuwa baada ya miaka minane. Akinena, huenda kazi ikamponyoka. Lakini mficha uchi hazai. Akasimama.

"Namba hizi nilizibuni mimi. Zilikuwa za kujaribia jedwali tu."

Mwenyekiti akaitua kalamu yake mezani.

"Mungu wangu!" alimaka mwanasaikolojia wa jopo la mtaala. "Yaani nimeandika kurasa thelathini juu ya watu wasiokuwapo?"

"Ndiyo." Mama Jedwali alimgeukia dobi, machozi yakimlenga. "Mama, mbele ya Mungu na mbele ya wote mlioko humu, naahidi. Kesho jioni nitakuja darasani kwenu, nimuulize kila mmoja. Na saini yangu haitakaa kwenye mtaala huu mpaka yale mtakayonijibu ninyi kumi na tisa yawe yameandikwa ndani yake."