Nati Kwanza

Uzi wa sufu wa rangi ya machungwa ulikuwa umebaki baada ya kufuma sweta ya mtoto wao, Muindi. Ijumaa jioni Kavata aliutoa kikapuni, akainama kando ya pikapu na kumpitishia mumewe, ambaye alikuwa amelala chini yake, miguu tu ikionekana.

"Wa nini huu?" Mativo akauliza kutoka chini.

"Wa kupimia. Ufuate paipu ya zamani na kila kona yake. Nakujua, unataka kupima kwa macho."

"Mama Muindi, hili ni gari. Si sweta."

Lakini aliupokea.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu. Mativo aliachiwa na mjomba wake, mchonga vinyago, na mpaka leo ukifungua mlango unakaribishwa na harufu ya mbao. Jumanne iliyopita walikuwa wakirudi kutoka Njiru, Mativo akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini kama umekanyaga uji. Kwa bahati walikuwa wanapanda kilima, gari likachoka lenyewe na kusimama. Kavata alimkumbatia Muindi, miezi saba, aliyekuwa amelala fofofo mapajani mwake. Ile paipu nyembamba ya chuma inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikatoboka.

Na Jumatatu walikuwa na safari. Nyanya yake Mativo, Ndindi, ambaye wote walimwita Susu, alikuwa ametuma barua iliyoandikwa na katekista: Macho yangu yanaondoka, nileteeni huyo mtoto nimwone ningali naona. Kazini, Mativo alipewa ruhusa ya siku moja tu. Kutoka kituo cha basi hadi kwa Susu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwa hiyo bila pikapu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kusingewezekana. Kavata alikuwa amesema neno moja na hakulirudia: breki zisipopona, Muindi hapandi gari hilo, hata kama Susu atamnunia.

Jumamosi wakaenda mjini dukani kwa Shamis, mama anayeuza vipuri. Uzi uliponyooshwa juu ya kaunta ulitoa futi kumi na moja.

"Kata kumi na mbili," Kavata akasema.

Mativo akacheka. "Ya kumi na mbili ni ya nani?"

"Ya kukosea." Katika masomo yake ya jioni kule Makadara, mwalimu wa ushonaji aliwafundisha kwamba kila nguo hukatwa pamoja na kitambaa cha kukosea, na anayejiona hakosei ndiye huvaa sketi inayombana.

"Bwana, msikilize," Shamis akasema huku akishika msumeno. "Sijaona mtu akirudi hapa kunilalamikia kwamba paipu imezidi."

Kifaa cha kutanua mdomo wa paipu hawakuwa nacho, na Mativo alikuwa karani, si fundi. Aliyewaazima ni jirani yao Patrobas, makanika katika gereji moja ya Industrial Area. Jioni hiyo alikuja nacho kimefungwa kwenye kitambaa, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kueleza taratibu. Ukate paipu wima, uipige tupa, uibane, uutanue mdomo, kisha uukunje tena kwa ndani, ili ukikazwa usivujishe hata tone.

"Lakini kabla ya yote, nati," akasema. "Nati ndiyo inaikaza paipu pale inapoungana. Ivishe kwanza. Mdomo ukishatanuka, nati haipiti tena."

"Hilo nalijua, fundi."

"Najua unalijua. Nakwambia tu. Kesho saa kumi na mbili jioni nakuja kukichukua, Jumatatu nakihitaji kazini."

Jumapili baada ya kanisa Mativo akavaa shati lake la zamani na kuanza. Hakuikata ile futi ya ziada. Kumridhisha mkewe aliikunja ikawa mkunjo mmoja mpana, akisema itakaa vizuri tu chini ya gari. Akavisha nati upande wa kwanza, akabana, akazungusha, akakunja. Kavata aliinama kuangalia. Mdomo ulikuwa umejikunja sawasawa, pindo juu ya pindo, kama upindo wa sketi uliopigwa pasi. Alimtazama mumewe, grisi mpaka sikioni. Mwanamume huyu angeweza kusema Susu angoje mwezi ujao.

Alipofikia upande wa pili ndipo alipokuja Wacuka, jirani wa mlango wa tatu, na ulimi wake.

"Niaje, karani? Leo umekuwa makanika? Mama Muindi, huyu akimaliza na hiyo atatengeneza pia kizibo cha sinki yangu?"

"Wewe cheka," Mativo akasema. "Simama hapo uone kazi."

Akabana paipu, akazungusha mkono wa kifaa, akakunja mdomo, akapuliza vumbi la chuma na kuinyanyua kama mtu aliyevua samaki. "Ona."

Wacuka akaangalia kwa makini. "Haki ni poa. Umeweza." Kisha akaokota kitu kwenye stuli. "Na hii ni ya nini?"

Ilikuwa nati.

Mativo aliitazama nati, akautazama mdomo uliotanuka, akautazama upande mwingine ambao nao ulishatanuka. Hapakuwa na pa kuipitishia. Akakaa chini pale pale kwenye saruji, mikono juu ya magoti.

"Maduka yamefungwa leo," akasema. "Kesho yakifunguliwa siku imeshakwenda. Susu atadhani hatukutaka."

Kavata alikuwa na maneno mdomoni, tena yalikuwa ya haki. Lakini aliyameza. Aliingia ndani, akarudi na uzi wa machungwa, akaulaza juu ya paipu, kona kwa kona. Uzi uliisha. Paipu ikaendelea, shibiri moja na zaidi.

"Kata," akasema. "Ipo."

Mativo aliinua macho, kisha akatafuta msumeno. Ule mdomo ulioharibika ukadondoka kwenye saruji, mdogo kama kitufe. Safari hii Kavata alishika nati mkononi, na hakuiachilia mpaka alipoivisha yeye mwenyewe.

Paipu ilipokaa mahali pake, ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Kavata akakaa kwenye usukani, Wacuka akampokea Muindi, Mativo akalala chini na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye gilasi ya mafuta ya breki.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia. Kanyaga tena."

Mapovu yalitoka mengi, yakapungua. Wacuka naye akawa anaitikia, "Kanyaga, shikilia," akimrusharusha mtoto, mpaka Muindi akacheka kwa sauti. Halafu ghafla kibao cha breki kikagoma chini ya mguu wa Kavata, kigumu kama ukuta. Alikikanyaga tena ili tu akisikie.

Mativo alitandika gazeti chini ya viungio. Saa kumi na mbili Patrobas alipofika, gazeti lilikuwa kavu. Alipitisha kidole kwenye kila nati, akakinusa, akaguna kwa kuridhika. Ndipo akaona kile kipande kwenye saruji, akakiokota.

"Sikusema?"

"Ulisema, fundi."

Mativo alingoja achekwe. Patrobas alikuwa akikifunga kifaa chake.

"Mimi nina miaka kumi na minane kwa hii kazi," akasema. "Mwezi jana nimesahau, bosi amesimama hapa, karibu hivi. Na yangu haikuwa na ya ziada. Wewe ya kwako ilitoka wapi?"

"Muulize huyo," Mativo akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Kavata alimfungia Patrobas chapati sita kwenye karatasi. Alitaka kusema mengi, akasema, "Asante, fundi. Mungu akuzidishie."

Kesho yake kwenye mteremko wa kwenda mtoni, Mativo alikanyaga breki na pikapu ikatii, polepole, kama ng'ombe anayemjua mwenyewe. Kavata aligundua kwamba mguu wake pia ulikuwa umekandamiza sakafu. Akauondoa.

Susu alikuwa nje, kwenye kigoda, uso ameuelekeza upande unaotoka mlio wa gari. Walimwekea Muindi mapajani. Vidole vyake vikapita kwenye paji la uso, masikio, kidevu, vikafika kwenye sweta na kusimama. Akamnyanyua mtoto juu, karibu na jicho lake lililobaki na nuru kidogo, kwenye mwanga.

"Ni ya machungwa," akasema.

"Ndiyo, Susu," Kavata akajibu.

"Naiona."