Gurudumu Lililoombewa

Firmin wa mtaa wa Songo alikuwa akibeba mihogo kwa baiskeli kutoka Sange hadi Uvira, na spoku, zile nyaya nyembamba za gurudumu la nyuma, zilimkatikia njiani kila mara. Ikikatika moja, alitia mpya, akaikaza kwa nguvu zake zote, nyingine akaziacha zikicheza kama meno ya mzee. Ile mpya ndiyo iliyotangulia kukatika tena. Hilo halikumfundisha kitu. Lilimthibitishia tu kwamba kuna mkono wa mtu.

Mtu mwenyewe, aliamua, ni jirani yake Espoir, ambaye siku moja aliitazama baiskeli, akamwambia, "Kinga yako iko nzuri." Firmin akaacha kumsalimia. Kisha akaisukuma baiskeli hadi kanisani, mchungaji akaliwekea gurudumu mikono, akalikemea kwa Kifuliiru na kwa Kifaransa.

Safari iliyofuata, spoku kadhaa zilikatika kwa mpigo pale Nyamianda. Mihogo ikamwagika mbele ya kibanda cha Jolie, fundi wa baiskeli na mwimbaji wa kwaya ya kanisa lilelile.

"Angalia," Jolie alisema, akimwonyesha kipande. "Imekatikia hapa inapojikunja. Spoku ikilegea, kila gurudumu likizunguka inavutwa, inaachiwa, inavutwa. Ukikunja waya huku na huku, itafanya nini?"

"Itakatika."

"Basi. Na hii moja uliyoikaza inabebea wavivu wote."

"Sasa mwenye kuzilegeza ni nani?"

"Ni weye, kaka."

Firmin alicheka sana. Alipenda watu wenye utani.

Jolie akafumua gurudumu lote, akatia spoku mpya, akazikaza kidogo kidogo kwa zamu. Alizigusa kwa kidole akisikiliza mlio, akazibana mbilimbili kwa viganja mpaka zikatulia, akarudia tena hadi zote zikalia sauti moja. Firmin alisinzia kivulini.

Tangu siku hiyo gurudumu halikukatika spoku tena. Firmin alipandisha mizigo, akashusha, likabaki limenyooka. Jumapili moja akasimama kutoa ushuhuda: adui ameshindwa, maombi yamejibiwa! Kanisa likapiga vigelegele. Kwaya ikaimba, Jolie akitoa sauti ya pili.

Baada ya ibada, Firmin alimfuata Espoir nyumbani, akamshika mikono, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu yangu, nimekusamehe."

Espoir alitafuta kosa lake, asilione. "Aksanti," akasema, maana mtu hawezi kukataa msamaha.

Sifa za mchungaji zikaenea. Wabeba mizigo walimletea magurudumu kutoka bonde zima la Ruzizi, naye akayaombea yote bila kuchoka.

Asubuhi moja Jolie alimwona mchungaji huyohuyo akija na baiskeli yake mwenyewe, anaisukuma polepole, gurudumu la nyuma likiyumba.

"Mchungaji! Hukuliombea?"

"Nililiombea, binti yangu," akajibu, akiiegemeza baiskeli kwenye kibanda. "Ndipo nikaonyeshwa nije hapa."